Masika ya Majongoo

Jumatatu, 4 Machi

Kitabu hiki nimepewa bure. Jalada jekundu gumu, mbele kimeandikwa NEEMA YA KINA kwa rangi ya dhahabu, na ndani kila siku ina ukurasa wake. Abdulrazak kampa kila mwanachama kimoja, mimi kanipa viwili, kwa sababu mimi si mwanachama tu, mimi ni Mtaalamu. Cha pili kakichukua mke wangu Mwanaharusi, anachana kurasa anafungia bizari.

Cha kwangu nitaandika. Shule sikuikanyaga, lakini kisomo cha watu wazima nilihudhuria miezi mitatu, na mwalimu aliapa hajaona mtu mzima anashika herufi upesi kama mimi. Wenzangu wako kwenye a, e, i, mimi nishamwandikia barua ya kumposa dada yake. Dada alikataa, ila mwandiko aliusifu.

Basi niandike kazi yangu. Neema ya Kina ni kampuni ya kufuga majongoo bahari, iko hapa Mlingotini, ukishapita Mbegani. Mtu ananunua kizimba, yaani vigingi vinne na wavu kule kwenye matope. Kampuni inatia watoto wa jongoo, inalinda, inavuna, inakausha, inauza kwa Wachina. Mwenye kizimba anakaa kwake, na kila mwisho wa mwezi anapokea mavuno. Abdulrazak ndiye bosi, kijana wa Dar, mpole, anasali safu ya mbele. Linda anaandika majina. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, mimi nawatembeza wageni, nainua jongoo mmoja juu, nasema.

Na nani aseme kama si mimi? Nimeokota majongoo miaka ishirini na sita, mpaka serikali ilipokataza. Kuanzia hapa mpaka Saadani hakuna jongoo ambaye babu yake hanijui.

Jumatano, 6 Machi

Mwanaharusi leo anakuna nazi, hata uso hakuinua, kaniuliza jongoo anachukua muda gani mpaka auzike. Nikamwambia mwaka, tena akipata matope mazuri. Kaniuliza kampuni imekuja lini. Nikasema mwezi wa kumi na moja. Akaendelea kukuna.

Nikamwambia siku hizi kuna dawa. Dawa gani sijui, lakini siku hizi kila kitu kina dawa.

Jumatatu, 11 Machi

Bamvua. Wageni wengi, wengine wametoka Dar na viatu vyeupe. Nikawaambia vueni, matope haya hayamjui mtu. Niliwapa ile ya mwaka nilipomkuta jongoo Saadani, mkubwa kama gunia la mkaa, nikamlalia kidogo nipumzike, kuamka nimefika Winde. Na Mchina aliyemnunua alitoa machozi, akataka nimwoze binti. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye maji. Mtu akicheka mkono wake unafunguka, hilo nalijua toka ujana, nilipokuwa nauza samaki waliolala. Waliandikisha vizimba thelathini na kitu palepale.

Verdiana naye alikuja kutazama, kajifunga khanga mbili, mkononi kiatu. Huyu ni Mnyamwezi na mimi Mkwere, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wetu una miaka thelathini na moja. Alikuwa mpishi wa shule huko Zinga mpaka akastaafu. Mumewe kafa, ana kiwanja chake, nyumba ya vyumba vitatu na mikorosho. Mimi namwita Mpagazi, kwamba babu yake alibeba mzigo kutoka Tabora, alipofika Bagamoyo akautua akakaa chini, na ukoo mzima bado umekaa chini. Yeye ananiita mtumwa wake. Aliwahi kuingia kwangu mchana kweupe akabeba redio, kasema ni ada ya mtani. Wiki ya pili nikaenda kwake nikarudi na redio pamoja na jogoo.

Leo kawaambia wageni, "Huyu mtaalamu wenu akikwambia leo Jumatatu, nenda kaulize na jirani." Watu wakacheka, wakaandikisha wengine watano. Yeye hakuandikisha.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Manyunyu asubuhi.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Kampuni imetoa futari kwa kijiji kizima. Mchele, sukari, tende za boksi. Imamu kaomba dua ndefu. Ashatu wa vitumbua, ambaye hata mume wake hajawahi kumsifu, leo kamsifu Abdulrazak mpaka nikaona haya kwa niaba ya mume. Kaweka kwenye vizimba pesa za kikoba chao chote, akina mama kumi na nane.

Mimi nilikaa kiti cha mbele.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimecheka mpaka nikaogopa saumu isiniharibikie.

Bamvua, wageni mabasi mawili. Kizimba cha kwanza nikainua jongoo, mnene, mgongoni ana kovu kama mtu alimng'ata akaghairi. Nikasema maneno yangu. Tukaenda kizimba cha mbali kidogo, cha watu wa kwaya. Linda alishatangulia na ndoo yake. Nikatia mkono, nikatoa jongoo: kovu lile lile. Cha tatu tena, mwenye kovu. Nikamtazama. Jongoo hana macho, kwa hiyo hatukuoneana aibu. Nikawaambia wageni, huyu ndiye mtoto wa yule wa kwanza, ona walivyofanana. Wakapiga picha.

Na tena si jongoo wa matope yule. Ni wa mwambani, wa kununua kwa wavuvi. Mimi niambiwe nini juu ya majongoo?

Wageni walipoondoka nikamwambia Abdulrazak, mwenye kovu yule mpandishe cheo, anafanya kazi ya kampuni nzima peke yake. Alicheka, akaniwekea mkono begani. "Babu, ndiyo maana nakupenda," akasema. "Unaona kila kitu." Akanitolea kitambaa cha kanzu ya Idi, na karatasi ya kizimba changu mwenyewe, namba sitini na mbili, bila kulipa hata senti.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Jumatano, 27 Machi

Mwanaharusi kakishika kitambaa cha kanzu, kakitazama kwenye mwanga. Kasema kizuri. Akakikunja.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka ya Verdiana. Magharibi kaja na bakuli la wali na kuku, kasema kamletea mtumwa wake asije akafa na njaa kabla hajamuuza. Nikamwambia kuku huyu namjua, ni mjukuu wa yule jogoo wangu.

Baada ya kufuturu kasimama uani anatazama bati. Nimeezeka upya upande wa mbele, kwa mavuno ya kizimba changu, yalitoka siku ya tatu tu. Nikamweleza. Nikamwambia upande wa nyuma mwezi ujao, na mwezi wa tano naweka dari, na mwezi wa sita nitakuwa natembea na mtu wa kunishikia mwavuli. Hakucheka sana. Kasema nyumba ya Zinga ndiyo kitu pekee alichonacho, na Vicky, binti yake wa Kibaha, anamwambia auze aende akakae naye, yeye hataki kwenda kukaa kwa mtu, hata akiwa mtoto wake. Anataka kitu kinachomwingizia chakula mwenyewe mpaka afe.

Kisha kaniuliza, "Hivi ni kweli, Bwanausi?"

Jina langu halitaji mara nyingi. Nikamwambia, "Mpagazi, wewe endelea kutua mzigo. Wenzako tunapaa."

Akanitukana vizuri, akachukua bakuli lake akaenda.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Kanzu imenikaa, Mlingotini nzima imenitazama. Mikdad fundi kasema tangu aanze kushona hajapata mtu mwenye mabega yangu. Nikamwambia mabega haya yalibeba ngalawa.

Ngalawa ndogo.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua siku ya nne. Choo cha jirani kimeanguka.

Alhamisi, 18 Aprili

Watu wameanza kulalamika mavuno ya mwezi wa tatu hayajafika. Walikusanyika ofisini. Abdulrazak kawaambia ni benki, kwa ajili ya sikukuu, na kwa ajili ya mvua, na mtandao. Sababu tatu. Mtu mwenye sababu moja unamwamini nusu, mwenye tatu unamwamini mara tatu. Kanigeukia kasema, "Babu, waambie." Nikawaambia ile ya papa aliyenifukuza mpaka msikitini akakuta viatu vingi mlangoni, akashindwa kuvijua vyangu. Wakatawanyika wanacheka.

Yangu mimi ilishaingia siku nyingi. Hilo sikuwaambia.

Jumatano, 24 Aprili

Bamvua kubwa, maji yametoka mpaka pasipo kawaida. Hakukuwa na wageni. Nikaenda peke yangu, sijui kwa nini, labda miguu ilitaka matope yake ya zamani.

Vizimba vya mbele, vile tunavyoonyesha, viko kumi na mbili. Nikaingia vyote, mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikapata majongoo wanne, wawili wameshaoza. Nikavuka kwenda nyuma, kule ambako wageni huwa tunawaonyesha kwa kidole tu, kwamba vinaendelea mpaka kule. Kule kuna vigingi. Wavu hamna. Vigingi vimechomekwa kwenye mchanga mkavu kama mtu anayepima kiwanja. Nilivihesabu viko mia na ushee. Na Linda juzi alikuwa anaandika mtu wa kizimba namba elfu moja mia mbili na kumi.

Nikasimama pale. Sitini na mbili yangu niliitafuta sikuiona.

Niandike sawasawa, maana hapa hakuna wa kumchekesha. Sikushangaa. Mtu akishangaa moyo unaruka. Wangu haukuruka. Nilikuwa najua toka siku Mwanaharusi anakuna nazi, na kabla ya hapo, toka siku Abdulrazak aliponieleza mara ya kwanza kwamba jongoo ataleta pesa ndani ya miezi miwili. Nilitaka kucheka siku ile. Akanikatiza, akaniita Mtaalamu, na miaka mingi hakuna aliyewahi kuniita kitu ila muongo.

Jumamosi, 27 Aprili

Binamu yangu Yunus amefariki alfajiri, tumemzika baada ya adhuhuri. Mvua ilipisha kidogo.

Verdiana kaja toka asubuhi, kama inavyompasa mtani. Kavaa koti la Yunus na kofia yake, kashika fimbo yake, kachechemea uani vilevile alivyokuwa anachechemea marehemu, anafoka kwa sauti yake ile ya puani: nani kachukua koleo langu, Bwanausi umelirudisha koleo langu? Mjane alikuwa hajatoa sauti toka alfajiri, akacheka, ndipo akaweza kulia. Jeneza lilipotoka Verdiana kalala mlangoni, kasema mtumwa wake haendi popote mpaka alipiwe. Watu wakamtupia noti, akainuka akajipangusa, akawapisha. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na hakuna pwani hii anayeiweza kama yeye. Zamu yangu ikija nilikuwa nataka anizike yeye.

Abdulrazak alileta mchele magunia mawili. Akakaa kwenye viti na wazee, sahani mkononi.

Tuliporudi kutoka makaburini, Verdiana akaja kukaa karibu yangu, bado na kofia ya Yunus. Akaniambia ameshauza Zinga. Mnunuzi kalipa yote. Jumanne anapeleka kwa Linda, vizimba kumi na viwili. "Utanifulia nguo, mtumwa wangu," akasema. "Na uzipige pasi."

Mimi nikamwambia, "Usipeleke. Hakuna majongoo kule. Vizimba ni vitupu."

Nilisema hivyo. Naandika kwa sababu nilisema.

Aliniangalia. Kisha akasimama, akapaza sauti uani kote, "Jamani, mnamsikia Mkwere? Kaona nitampita, sasa ananiambia vizimba vitupu." Uani kukachangamka kwa kicheko. Watu walikuwa wamechoka kulia. Mikdad fundi kasema wivu wa Mkwere unaanzia kwenye mabega. Yeye Verdiana alikuwa bado kasimama, ananitazama mimi.

Nami nikamwona Abdulrazak. Hakukunja uso, hakunitishia. Kaacha kutafuna tu, anangoja nitasema nini, kama wengine wote. Watu sitini, nyuso zote kwangu, midomo iko tayari kucheka. Na Jumatatu pesa yangu inaingia, na bati za upande wa nyuma nishaziagiza.

Nikasema kwa sauti, "Vitupu, ndiyo. Mpaka huyu Mpagazi afike na mwendo wake ule, nitakuwa nimeshawala wote."

Wakacheka mpaka wa nje wakaingia kuuliza. Verdiana naye akacheka. Alichelewa kidogo.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua kutwa. Nilivaa viatu niende Zinga. Barabara ina tope. Nikavua.

Jumatatu, 29 Aprili

Imeingia.

Jumanne, 30 Aprili

Amepeleka. Linda kanionyesha jina kwenye daftari, Verdiana, vizimba kumi na viwili, na hati ya mpishi, herufi kubwakubwa. Linda kasema mama huyu kauliza mara mbili kama mimi niko. Wameniambia baadaye. Nilikuwa msikitini, sijui nilikuwa naomba nini.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga. Redio wametangaza toka jana watu wasiende baharini. Upepo umeng'oa mnazi wa Ramadhan, jirani, ukalala katikati ya njia. Bati zangu mpya hazikutikisika. Mwanaharusi kakaa chini yake ametulia, kasema, "Kweli ni bati nzuri, Baba Dija." Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 6 Mei

Ofisi imefungwa. Mlangoni kuna karatasi: kwa sababu ya kimbunga vizimba vyote vimechukuliwa na bahari, kampuni inafanya tathmini, wanachama wawe na subira. Simu ya Abdulrazak haipatikani. Simu ya Linda inalia mpaka inakata.

Watu walikuja kwangu. Walijaa uani, wengine barabarani. Hawakuja na hasira. Walikuja kuniuliza, mimi Mtaalamu, kama jongoo akichukuliwa na maji huwa anarudi.

Jumatano, 8 Mei

Wameendelea kuja. Nimejilaza, nimesema naumwa.

Alhamisi, 9 Mei

Bamvua ya kwanza baada ya kimbunga. Kijiji kizima kilishuka, na wa Zinga, na wa mjini. Mimi nilikwenda nyuma yao. Nyavu za mbele zimechanika kweli. Lakini vile vigingi mia vya nyuma, kwenye mchanga mkavu, upepo haukuving'oa hata kimoja, vimesimama vimenyooka, na watu wakapita katikati yake wakiangalia chini. Hakuna wavu uliochanika, kwa sababu hakuna wavu uliokuwepo. Hapo wakaelewa. Ashatu kakaa kwenye mchanga na khanga yake nzuri. Nikasikia anataja majina ya wenzake wa kikoba, mmojammoja, wote kumi na saba.

Verdiana alisimama kizimba cha kwanza, mikono nyuma. Alikuwa hatafuti kitu. Hatukusogeleana.

Jumapili, 12 Mei

Jua kidogo.

Jumatano, 15 Mei

Polisi wamekuja toka mjini, wamekaa ofisi ya kijiji, meza mbili. Meza moja wanaandika waliodhulumiwa. Ya pili, ambayo haina mtu mbele yake, waliohusika na kampuni.

Mstari ulianza ofisini ukazunguka mpaka nyuma ya kisima. Nikapanga foleni kwenye meza ya kwanza. Nilikuwa na karatasi yangu ya sitini na mbili mfukoni, ina muhuri kama za wengine. Watu walinipisha nisogee mbele, mzee huyu, naye kaumizwa. Mwanamke mmoja nisiyemjua kanipa kigoda chake. Verdiana alikuwa mbele yangu watu wanne. Alipofika mezani alisema "Nyumba" tu, na yule afande akamuuliza tena, akasema tena "Nyumba."

Zamu yangu ikafika. Afande kijana, kaniamkia vizuri.

"Mzee, ulinunua vizimba vingapi?"

"Sikununua. Niliuza."

"Uliuza kwa njia gani?"

"Kwa mdomo."

Nyuma yangu wakaanza kucheka. Wana njaa, wana jua la kichwani, hawana pesa, na bado wakanichekea, kwa mazoea. Afande naye akatabasamu, kasema mzee tuko kazini. Nikamwambia niandike kwenye ile meza nyingine. Wakacheka zaidi. Ashatu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, na mimi nilijua machozi yake mengine yalikuwa ya nini.

Nikaweka kitabu hiki mezani, nikakifungua tarehe ishirini na sita mwezi wa tatu. Nikasema kuna jongoo mwenye kovu, niliwatolea nyinyi kwenye vizimba vitatu siku moja, na ni huyohuyo mmoja. Nikasema jongoo anakua kwa mwaka na mimi nilijua. Nikasema tarehe ishirini na nne mwezi uliopita nilikwenda mpaka vigingi vya nyuma. Nikasema bati za nyumba yangu njooni mziezue, ni zenu.

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila mtu kucheka.

Afande kanakili kurasa, kanirudishia kitabu. Wamesema wataniita. Kwenye meza ile ya pili nimeandikwa mimi peke yangu.

Alhamisi, 16 Mei

Mtu katupa jiwe juu ya bati. Mwanaharusi katoka, kalichukua, kalitumia kuzuia mlango wa banda.

Jumamosi, 25 Mei

Hakuna anayeniamkia. Nimekwenda sokoni, nimenunua chumvi, nimerudi.

Jumanne, 28 Mei

Mikdad fundi na wenzake wamekuja na nyundo. Wakaniuliza kama nilikuwa natania. Nikasema hapana. Wameezua upande wa mbele wote, wakauza, wakampelekea Ashatu kwa ajili ya kikoba. Haitoshi kitu. Mwanaharusi aliwashikia ngazi, kisha akahamisha kitanda upande wa nyuma, kwenye bati za zamani zilizobaki.

Jumapili, 9 Juni

Mvua zimeisha. Nimekwenda Zinga kwa miguu.

Mnunuzi ameshaleta matofali, yamepangwa mbele ya mlango wa Verdiana, na mkorosho mmoja umekatwa. Yeye alikuwa uani anafunga masufuria kwenye gunia, yale makubwa ya shule waliyompa alipostaafu. Wiki hii anakwenda Kibaha, kwa Vicky.

Nikapiga hodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa nayangoja, nilikuwa nimeshamtayarishia hata majibu, na mengine yalikuwa mazuri.

Akasema, "Karibu, mzee Bwanausi. Shikamoo."

Sisi ni rika moja. Pengine ananizidi. Nikaitika marahaba, nitafanyaje. Akaniletea kiti, akaniuliza hali ya Mwanaharusi, ya Dija binti yangu, ya watoto wa Dija. Nikajibu nzuri, nzuri, nzuri. Akarudi kwenye masufuria yake. Nikamwangalia anaingiza dogo ndani ya kubwa, anaweka gazeti katikati yasigongane. Nikakaa mpaka nikaona nisiposema sasa sitasema.

"Ile siku ya msiba wa Yunus," nikasema, "nilikuwa nasema kweli."

"Najua."

Hakusimamisha mikono.

"Nilijua palepale," akasema. "Nimekaa na utani wako miaka thelathini na moja, nisijue ukitania na usipotania? Nilipaza sauti watu wacheke ili nione utafanya nini. Nikasema moyoni, akirudia mara moja tu, hata kwa kuninong'oneza, sipeleki." Akakunja gazeti lingine, akaliweka. "Ukanijibu ulivyojibu. Basi nikasema labda atakuja nyumbani. Jumapili nilikaa mlangoni na mvua yote ile. Jumatatu nikakaa. Jumanne nikamuuliza yule binti kama uko, akasema hujaja."

Nilifungua mdomo. Mimi Bwanausi, ambaye papa alinifuata msikitini, nilifungua mdomo pale kama samaki kwenye kapu, na hakukuwa na kitu ndani.

Akalivuta gunia likasimama. Lilikuwa limejaa sana, mdomo haufungi mtu mmoja. Nikainuka nikaushika kwa mikono miwili, nikaubana, na yeye akapitisha kamba, akakaza, akafunga.

"Asante, mzee," akasema.